Benki ya Akina Mama Wasiojua Kusoma

Ukimwuliza mama anayeuza mchicha sokoni anafanya kazi gani, mara nyingi atakujibu, "Sina kazi, dada yangu, nahangaika tu." Mama huyo ameamka saa kumi alfajiri. Amefuata mboga shambani, amezibeba kichwani, amezipanga mezani na kuuza juani mpaka jioni. Kwa fedha hizo watoto wamekula na daftari zimenunuliwa. Hata hivyo yeye mwenyewe anasema hana kazi, na sisi tulio karibu naye tunakubaliana naye. Wengi wetu tumezoea kuita kazi ile tu yenye ofisi, mwajiri na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mama tunayependa kuwaeleza habari zake aliyakataa mawazo hayo maisha yake yote. Jina lake ni Ela Bhatt, wa mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Alifariki dunia tarehe 2 Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 89. Ameacha nyuma yake chama chenye wanachama zaidi ya milioni mbili, wote wanawake wa kipato kidogo: wachuuzi wa mboga, wachukuzi wa mizigo, washonaji, wakulima wadogo, waokota karatasi na wasokota sigara. Ameacha pia benki ambayo wengi wa waanzilishi wake hawakujua hata kuandika majina yao.

Tumeona vema kuwasimulia habari hizi kwa sababu moja. Benki hiyo haikuanza kwa fedha za wafadhili wala za serikali. Ilianza kwa rupia 10 za kila mama.

Binti wa mwanasheria

Ela alizaliwa tarehe 7 Septemba 1933 huko Ahmedabad, akakulia katika mji wa Surat. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mama yake alijishughulisha na maendeleo ya wanawake. Hakuonja njaa utotoni. Siku aliyoingia kwenye vibanda vya maskini na kuona jinsi watu wanavyoishi ilikuwa mwaka 1951, wakati India huru ilipofanya sensa yake ya kwanza. Kijana mmoja mwanafunzi, Ramesh Bhatt, alimwomba wafuatane kuandikisha familia za mtaa wa maskini. Ela alikuwa msichana mwenye haya, lakini alikwenda.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kumwoa mwaka 1956. Wazazi wa Ela hawakuridhika, kwa kuwa Ramesh alitoka katika familia isiyo na kitu, nao walihofu binti yao angeishi maisha ya dhiki. Ela hakubadili nia. Walijaliwa watoto wawili, na kwa miaka michache aliacha kazi ili awalee. Mumewe, ambaye baadaye alifundisha uchumi, hakumzuia kurudi kazini wala kwenda masokoni na vibandani. Wenzetu mlio katika ndoa mnajua uzito wa jambo hilo. Mama mwenye baraka ya nyumba yake hufika mbali zaidi kuliko yule anayetoka kwa kujificha.

Ela alikuwa amesomea sheria, na mwaka 1955 aliingia katika Chama cha Wafanyakazi wa Viwanda vya Nguo cha Ahmedabad. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1920 chini ya uongozi wa mama mmoja, Anasuya Sarabhai, pamoja na Mahatma Gandhi. Mwaka 1968 Ela alipewa kuongoza idara yake ya wanawake. Idara hiyo iliwahudumia hasa wake na mabinti wa wafanyakazi wa viwandani kwa kuwafundisha kushona, kufuma na kadhalika. Ilikuwa kazi njema, lakini bado ilimtazama mwanamke kama mke wa mfanyakazi tu.

Kadi za wachukuzi

Mwaka 1971 kikundi cha akina mama waliokuja mjini kutafuta riziki walifika katika idara ya Ela kuomba msaada wa nyumba. Kazi yao ilikuwa kuvuta mikokoteni ya mizigo katika soko la vitambaa. Ela hakuwaandikia barua na kuwaaga. Aliondoka nao, akaenda kuona mahali wanapolala na wanapofanya kazi. Huko sokoni alikutana na wanawake wengine, waliobeba marobota ya vitambaa kichwani kutoka maduka ya jumla hadi ya rejareja.

Wanawake hao walikaa kwenye ngazi za maduka wakisubiri kuitwa. Walilipwa kwa kila safari, iwe mbali au karibu, mzigo uwe mzito au mwepesi. Mara nyingi walipunjwa, maana hakuna aliyeandika wamebeba marobota mangapi.

Ela aliandika makala katika gazeti la mji kueleza dhuluma hiyo. Wafanyabiashara wa vitambaa walichukizwa, nao wakaandika makala yao kujibu kwamba hayo ni uongo, wao wanawalipa wachukuzi vizuri, tena kwa viwango kadha wa kadha. Mtu mwingine angeanza malumbano gazetini. Ela alifanya jambo la busara zaidi. Aliyachapisha maneno yale ya wafanyabiashara kwenye kadi ndogo, akawagawia wachukuzi. Tangu siku hiyo mchukuzi aliyepunjwa alitoa kadi yake, akamwonyesha tajiri maneno yaliyotoka kinywani mwao wenyewe.

Akina mama wale hawakupewa fedha wala chakula. Walipewa kipande cha karatasi chenye ukweli, pamoja na wenzao wa kusimama nao. Habari zikaenea upesi. Wauza nguo kuukuu nao wakamwita Ela waeleze shida zao, na katika mkutano uliofanyika kwenye bustani ya mji mama mmoja akatoa shauri: kwa nini sisi tusiwe na chama chetu wenyewe? Basi mwezi Desemba 1971 kikazaliwa chama cha wanawake waliojiajiri, kinachojulikana kwa jina fupi la SEWA. Kwa bahati njema neno hilo katika lugha zao lina maana ya "huduma".

"Mtagoma dhidi ya nani?"

Walipokwenda kuandikisha chama, maofisa wa kazi walikataa. Walisema chama cha wafanyakazi ni lazima kiwe na mwajiri wa kudai haki kwake. Ninyi mnauza mboga na kubeba mizigo, hamna mwajiri, mtagoma dhidi ya nani?

Ela alijibu kwamba chama si lazima kiwe cha kupigana na mtu. Chama ni kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi wenyewe. Nchini India zaidi ya wanawake tisa katika kila kumi wanaofanya kazi hawana mwajiri wa kudumu wala mshahara maalumu. Kama hao si wafanyakazi, basi taifa lingekula nini, livae nini? Baada ya mabishano ya miezi kadhaa, chama kiliandikishwa mwezi Aprili 1972.

Tunaweza kudhani kwamba lilikuwa jambo la makaratasi tu. La hasha. Mtu asiyehesabiwa hawezi kudai. Mchuuzi asiyetambuliwa hufukuzwa na mgambo asubuhi, akatozwa hongo mchana. Akipewa jina la mfanyakazi, anaanza kuuliza maswali.

Deni la asubuhi

Akina mama walipoulizwa shida yao kubwa ni ipi, wengi walitaja madeni. Mchuuzi wa mboga alikopa rupia 50 asubuhi kwa mtu wa riba, akanunua mboga za jumla, akauza kutwa, na jioni akarudisha rupia 55. Kwa haraka haraka rupia 5 ni kitu kidogo. Lakini hebu tupige hesabu. Akifanya hivyo siku 26 katika mwezi, amelipa rupia 130 za riba kwa mtaji wa rupia 50 tu. Tena mwezi unaofuata hana mtaji bado, anaanza upya. Huyu si mvivu wala si mfujaji. Anafanya kazi kwa bidii ili mtu mwingine atajirike.

Wasomaji wetu wengi wanaijua habari hiyo kwa jina jingine. Ile mikopo ya mitaani ambayo watu wameipa jina la "kausha damu" hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mama huchukua mkopo wa kununua bidhaa, marejesho yanadaiwa kila siku au kila wiki, na siku akikosa, kitanda na sufuria hubebwa mbele ya watoto.

SEWA ilijaribu kwanza kuwapeleka wanachama kwenye benki za kawaida, kwa kuwa serikali ya India ilikuwa imetaifisha benki kubwa 14 mwaka 1969 na kuziagiza ziwasaidie maskini. Mambo hayakwenda vizuri. Akina mama walikuja na nguo za kazi na watoto migongoni, saa zisizo za benki, nao makarani wakawaona kero. Hawakuweza kujaza fomu. Aliyefanikiwa kupata mkopo alifika nyumbani na fedha taslimu, asijue pa kuziweka ambapo mume au mtoto wa kiume hatazitia mkononi. Hakukosa akili ya kuweka akiba. Alikosa mahali pa kuiweka.

Usiku wa kujifunza saini

Katika mkutano mmoja wa mwezi Desemba 1973, akina mama walisema sasa wanataka benki yao wenyewe. Ela mwenyewe aliona ni jambo gumu, fedha zitatoka wapi? Mama mmoja muuza nguo kuukuu alimjibu kwamba wao ni maskini kweli, lakini ni wengi. Katika neno hilo kuna hesabu nzima ya ushirika. Rupia 10 haziwezi kufungua benki. Rupia 10 za wanawake 4,000 zinaweza, nao wanawake 4,000 walitoa kila mmoja rupia 10 za hisa.

Msajili wa vyama vya ushirika hakukubali kwa urahisi. Alionya kwamba benki ya watu wasiojua kusoma itakufa, na Ela atajutia. Zaidi ya hayo, karatasi za kuandikisha benki zilihitaji saini, na wale waliochaguliwa kutia saini hawakujua kuandika. Basi walikusanyika nyumbani kwa Ela, wakakesha usiku kucha wakijifunza kuandika majina yao. Mikono iliyozoea kubeba marobota na kukata mboga ilishika kalamu mpaka kulipokucha. Asubuhi wakaenda kwa msajili, kila mmoja akaandika jina lake mwenyewe. Mwaka 1974 Benki ya SEWA ikafunguliwa.

Lakini wateja je? Mtu asiyejua kusoma atatambulikanaje akija kutoa fedha zake? Walitumia picha. Kila mama alipigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba ya akaunti yake, na picha hiyo ikabandikwa kwenye kitabu chake cha akiba. Karani aliangalia picha, akaangalia uso, kazi ikaisha. Baadaye watumishi wa benki walianza kwenda masokoni na mitaani kuchukua akiba palepale mama alipo, ili asiache meza yake kwa ajili ya kuweka fedha kidogo.

Benki iliyotabiriwa kufa imeishi zaidi ya nusu karne, na zaidi ya asilimia 90 ya mikopo yake imekuwa ikirejeshwa. Imewasaidia wanawake kukomboa vito vyao na mashamba ya familia yaliyowekwa rehani kwa watu wa riba. Tena imehimiza jambo moja ambalo sisi hulipuuza: shamba, kibanda au nyumba iliyopatikana kwa jasho la mama iandikwe pia kwa jina lake. Huku si kumnyima mume. Siku baba akifariki, ndugu wa upande wowote wasije wakawatoa watoto nje.

Kwa nini alishindwa kulipa?

Wapo waliochelewa kulipa. Hapa tunapenda msomaji asimame kidogo, kwa maana ndipo vikundi vyetu vingi huvunjika. Mwenzetu akikosa marejesho tunaanza kumsema, tunampiga faini, mwisho tunamtoa. SEWA walifanya tofauti. Walikwenda nyumbani kwake kuuliza kuna nini.

Waliyoyakuta ni uzazi, ugonjwa na msiba. Mama alijifungua, akakaa bila kipato, au alirudi kubeba mizigo siku chache tu baada ya kujifungua na afya yake ikaharibika. Mwingine mtoto aliugua, mtaji wote ukaishia hospitali. Ndipo walipoelewa kwamba mkopo peke yake haumwondoi mtu katika umaskini. Unaweza hata kumzamisha zaidi.

Basi katikati ya miaka ya 1970 walianzisha msaada wa uzazi, ambao mwanachama alichangia kidogo kidogo kabla ya kujifungua. Waliwapa mafunzo wakunga wa mitaani. Walifungua mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama zao wako kazini. Mwaka 1992 wakaanzisha bima yao ya ugonjwa, kifo na mali. Kila huduma ilizaliwa na shida iliyosemwa na wanachama wenyewe, nao wanachama walichangia gharama zake.

Faida yake ilionekana wazi viwanda vya nguo vya Ahmedabad vilipoanza kufungwa katika miaka ya 1980. Maelfu ya wanaume walirudi nyumbani bila ajira. Katika nyumba nyingi, yule mama aliyekuwa "anahangaika tu" ndiye aliyeshika chungu kisizimike jikoni.

Alipofukuzwa

Haikuwa njia ya maua. Mwaka 1981 kulizuka ghasia mjini Ahmedabad kuhusu nafasi za masomo zilizotengwa kwa ajili ya Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa ambao kwa karne nyingi walitengwa na wenzao. Viongozi wa chama cha wafanyakazi wa nguo walinyamaza. Ela hakunyamaza. Wengi wa wanachama wa SEWA walikuwa Wadalit, naye aliona hawezi kula nao wakati wa amani na kuwakana wakati wa hatari. Kwa ajili hiyo alifukuzwa, na SEWA ikatengwa na chama kilichoilea.

Wengi walidhani huo ndio mwisho. Ikawa kinyume chake, chama kiliendelea kukua kwa sababu mizizi yake haikuwa katika jengo la mtu mwingine. Hili ni fundisho kwa vikundi vyote vinavyotegemea ofisi, mfadhili au mheshimiwa fulani. Siku ya kuachwa inaweza kufika. Je, siku hiyo kikundi kitakuwa na daftari lake, akiba yake na wanachama wanaoaminiana?

Miaka hiyo hiyo wachuuzi wa soko la Manek Chowk, katikati ya Ahmedabad, walikuwa wakiondolewa mara kwa mara na polisi. Wengine walirithi mahali pao pa kuuzia kutoka kwa mama na bibi zao. Walikataa kuondoka, na kesi yao ikafikishwa mpaka Mahakama ya Juu ya India. Safari ya wachuuzi ilikuwa ndefu, na hatimaye mwaka 2014 Bunge la India lilipitisha sheria ya kuwalinda wachuuzi wa barabarani nchi nzima. Vivyo hivyo, mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwatambua watu wanaofanya kazi za malipo majumbani mwao, jambo ambalo SEWA ililipigania kwa muda mrefu.

Tunayataja haya kwa sababu wako wanaosema kwamba kujitegemea maana yake ni kuwaacha maskini wajisaidie wenyewe, na serikali ikae pembeni. Ela hakufundisha hivyo. Mkono mmoja alijenga akiba na ushirika, na mkono wa pili alidai sheria ya haki. Mama anaweza kuweka akiba mwaka mzima, lakini meza yake ikivunjwa kwa siku moja, akiba hiyo imekwenda.

Dada, si bosi

Wanachama walimwita Elaben, na "ben" kwao ni dada. Alivaa nguo za pamba zilizosokotwa kwa mkono na kuishi katika nyumba ndogo, ingawa alipata heshima nyingi: Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1977, na ubunge wa kuteuliwa katika baraza la juu la Bunge la India kuanzia mwaka 1986. Mwaka 1996 aliachia ukatibu mkuu wa SEWA kwa hiari yake, akiwa bado na nguvu. Viongozi wa chama huchaguliwa kutoka miongoni mwa wanachama wenyewe, wakiwamo wachuuzi na wasokota sigara. Tujiulize, ni vikundi vingapi kwetu ambavyo mwenyekiti ni yule yule tangu kuanzishwa, na daftari analo yeye peke yake?

Kazi yake ilifika hata kwetu Afrika. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtandao wa kimataifa wa Women's World Banking, uliosajiliwa mwaka 1979, pamoja na Mama Esther Ocloo wa Ghana, ambaye alianza biashara yake kwa kupika jemu ya machungwa kwa shilingi chache alizopewa na shangazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la Kenya Women Finance Trust lilianzishwa likiwa na uhusiano na mtandao huo, likawakopesha akina mama wa Kenya ambao benki nyingine hazikuwatazama.

Nasi tuna yetu. Upatu tuliurithi kwa mama zetu. Vikundi vya VICOBA vimeenea Tanzania, vikifuata njia iliyoanzishwa huko Niger mwaka 1991, ambapo fedha hutunzwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hakuna anayelifungua peke yake, wala halifunguliwi ila mbele ya wote. Kwa hiyo hatuhitaji kwenda India kutafuta namna ya kuanza. Tunachoweza kujifunza kutoka Ahmedabad ni namna ya kutoishia kwenye kugawana fedha mwezi Desemba.

Maswali ya kupima kikundi chetu

SEWA ina desturi ya kujipima kwa maswali, badala ya kuhesabu tu fedha zilizokopeshwa. Tumeyapanga kwa maneno yetu ili msomaji ayapeleke katika kikundi chake:

1. Je, tangu tuanze, wanachama wamepata kazi zaidi na kipato zaidi, au wamepata madeni zaidi?

2. Je, nyumbani mwao wanakula vizuri kuliko mwanzo?

3. Mwanachama akiugua au akijifungua, kikundi kinamfanyia nini?

4. Watoto wadogo wanabaki na nani mama anapokuwa sokoni?

5. Je, nyumba wanazoishi zimekuwa bora?

6. Je, yuko mwanachama aliyepata mali kwa jina lake, hata kama ni mbuzi au cherehani?

7. Je, kikundi kimekua na kuimarika?

8. Je, wamejitokeza viongozi wapya, wakiwamo wale waliokuwa wakikaa nyuma kimya?

9. Je, wasiojua kusoma wameanza kujifunza, au tunawasomea daftari na wao wanaitikia tu?

10. Mfadhili akiondoka leo, tutakutana wiki ijayo?

Si lazima majibu yote yawe mazuri. Jambo kubwa ni kuyauliza mbele ya wote, na kuanza na lile ambalo wanachama wenyewe wanaliona zito. Kama ni riba ya mtaani, kikundi kiweke kwanza mfuko wa kumlipia mwenzao deni hilo, halafu awalipe wao polepole. Kama ni ugonjwa, kitengwe kiasi kidogo kila wiki ambacho hakikopeshwi kwa biashara. Kama kuna mwenzetu anayetia dole gumba, apatikane wa kumfundisha kuandika jina lake. Walioanzisha benki kule Ahmedabad walijifunza kwa usiku mmoja.

Na kesho ukipita sokoni, ukamsikia mama wa mchicha akisema hana kazi, usipite kimya. Mwambie anayo, tena ni kazi inayolisha mji. Kisha mwulize kama ana kikundi. Kama hana, mkaribishe katika chako.